Siku Mbili Tatu

Kuna methali ambayo wengi wetu tuliifahamu hata kabla ya kujua kusoma: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu aliiandika ubaoni, tukainakili, tukaulizwa maana yake katika mtihani, nasi tukajibu kwamba inatufundisha kufanya kazi kwa bidii. Tukapata vema. Mimi pia nilipata vema. Lakini maana yake hasa nimeijua mwaka jana tu, mwezi wa Aprili, na haikuwa darasani.

Nieleze kidogo. Nina miaka 23. Nimemaliza kidato cha sita, sasa nasoma kozi ya cheti ya utunzaji wa kumbukumbu katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na usiku naandika riwaya ambayo kila rafiki yangu ameshachoka kuuliza itaisha lini. Chuo hakina mabweni ya kututosha, kwa hiyo wengi wetu tunapanga mitaani. Anayeujua mji huu anaujua utaratibu wake. Chumba hakipangwi kwa mwezi mmoja mmoja. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, mwingine mwaka mzima, na dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha mlango ambao ungeweza kuubisha mwenyewe kama ungejua uko wapi. Chumba changu cha Manzese kilikuwa sh. 60,000 kwa mwezi. Nyumba yenyewe ni zile zetu za Uswahilini: vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, uani kuna choo, bafu na bomba.

Mkataba wangu uliisha tarehe 31 Machi. Sikutaka kuendelea, maana paa lilikuwa linavuja na masika ilikuwa inakuja. Nikapata chumba Mabibo, karibu zaidi na chuo. Mpangaji aliyekuwamo alikuwa na mkataba mpaka tarehe 17 Aprili, mimi niingie tarehe 18. Nikalipa miezi sita, sh. 360,000, na 60,000 ya dalali. Nikabaki na nauli na hela ya maharage. Ni usiku ule, nimekaa kitandani najipongeza, ndipo nilipoitazama kalenda ukutani na kuliona shimo. Toka tarehe 1 mpaka 18 Aprili sikuwa na kwangu. Usiku 17.

Asubuhi nikamwendea mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, nilikuwa naomba nilipie siku kumi na saba tu, halafu nikuachie chumba chako."

Alicheka, wala si kwa ubaya. "Mwanangu, mimi sina gesti. Chumba kimeshalipiwa, mtu anaingia tarehe mosi na familia yake. Nimwambie nini?"

Nikaenda Mabibo kwa yule mzee. Naye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Aliyemo amelipa mpaka tarehe kumi na saba. Nimtoe?"

Sikuwa na la kumjibu. Katika hadithi zetu sisi vijana, mwenye nyumba huwa na kitambi na roho mbaya, na mpangaji ni malaika aliyetupiwa godoro barabarani. Nimeandika mbili za namna hiyo mimi mwenyewe. Lakini safari hii hapakuwa na mbaya. Mama alikuwa na haki yake, mzee alikuwa na haki yake, na mpangaji wa Mabibo ambaye sikuwahi kumwona uso alikuwa na haki yake. Shimo langu lilichimbwa na watu wema watatu na kalenda. Ni rahisi zaidi kuwa mwema ukidhulumiwa, kwa sababu kazi ya kuwa mbaya inakuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine. Hapa nafasi ile ilikuwa wazi.

Nikapiga hesabu. Gesti ya bei ya chini niliyoipata ilikuwa sh. 15,000 kwa usiku. Mara 17 ni 255,000, yaani zaidi ya kodi ya miezi minne. Wazazi wangu wako Songea, na masomo yalikuwa yanaendelea. Kwa hiyo nikaligawa tatizo mara mbili, vitu na mtu. Vitu vikapata suluhisho haraka: yule mzee wa Mabibo aliniruhusu niegeshe kitanda, godoro na tranka langu ukumbini kwake. Nikakodi guta, tukafunika kwa nailoni, tukaenda na mvua. Usiku ule kitanda changu kilikuwa na kwao. Mwenyewe nimesimama kituoni na begi, ndani yake nguo, madaftari ya chuo na madaftari manne ya riwaya.

Hapo nikampigia rafiki yangu. Tulisoma darasa moja sekondari. Yeye aliishia kidato cha nne, sasa ni seremala katika karakana moja ya Keko, amepanga chumba Temeke.

"Kaka, nimekwama kidogo. Naomba nijibanze hapo kwako siku mbili tatu hivi."

"Siku mbili tatu tu? Njoo bwana, geto ni lako."

Sasa msomaji, simama nami hapa hapa, maana makala yote iko katika sentensi hiyo yangu. Nilikuwa na risiti mfukoni. Risiti ilikuwa na tarehe. Nilijua kabisa kwamba ni 17. Kwa nini nikasema mbili tatu?

Wakati ule nilijipa majibu mazuri. La kwanza, kwamba ni adabu. Kiswahili chetu hakipendi kumkaba mtu. Tunasema "nakuja sasa hivi" tukiwa bado tunatafuta viatu. Tunasema "kesho" tukimaanisha siku yoyote isiyo leo. "Siku mbili tatu" si hesabu, ni namna ya kubisha hodi kwa upole. Jibu la pili lilikuwa la mwenye shida. Nikisema 17 atashtuka, na akishtuka nitalala wapi? Kwanza niingie, mengine yatajulikana humo humo.

Basi nikaingia. Na ule uongo, kama uongo wote, haukukaa peke yake, ulizaa. Siku ya tatu nikasema dalali amenipigia, yule mtu anatoka Alhamisi. Alhamisi ilipofika nikasema anatoka mwisho wa wiki. Dalali masikini ya Mungu hakuwa amenipigia hata mara moja. Kila mara mwenyeji wangu alijibu vile vile: "Haina shida kaka." Godoro lilikuwa la futi nne kwa sita, tulilala mzungu wa nne, miguu yake kichwani kwangu na yangu kichwani kwake, na kila usiku aligeukia ukutani ili mimi nipate nafasi, kwa kuwa, alivyosema, mimi nasoma.

Usidhani nilikaa bure. Jembe nililishika. Nilichota maji kabla hajaamka, nilideki, nilifua mashuka, nilinunua umeme wa LUKU mara mbili, nilipika wali nazi akasifu. Siku zisizo na vipindi nilishinda Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ili chumba kipumue. Nilikuwa mgeni wa mfano. Nilikuwa karibu kuanza kujipa vema tena.

Tarehe 11 asubuhi nilikuwa bombani. Mama mmoja mpangaji wa chumba cha pili alikuwa anasubiri zamu yake.

"Hivi yule mdogo wake hakuja tena?" akaniuliza.

"Mdogo wake yupi, mama?"

"Huyo wa Korogwe. Si alikuwa aje hapa tarehe nne? Alishatafutiwa nafasi huko huko karakana. Nikasikia fundi mkubwa kangoja weee, mpaka juzi kaona isiwe tabu, kachukua mtoto wa mtu mwingine." Akatega ndoo yake. "Kaka yake alimwambia asubiri kidogo, kuna mgeni anasoma, ataondoka siku mbili tatu."

Ndoo yangu ilikuwa imejaa inamwagika, nami nimeishika tu.

Jioni nilimngoja. Mvua ilikuwa kubwa, bati linapiga kelele, ikabidi niseme kwa sauti kitu ambacho ningependa kukisema kwa kunong'ona.

"Kaka, mimi naondoka tarehe kumi na nane. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Alikuwa anavua viatu. Akaendelea kuvua. Akaviweka sawa karibu na mlango, kimoja baada ya kingine.

"Ungeniambia," akasema.

"Niliogopa ungekataa."

"Nisingekataa. Tungebanana."

Hakusema zaidi ya hapo. Tukala. Tukalala mzungu wa nne kama kawaida, na akageukia ukutani kama kawaida. Nilikaa naye siku zilizobaki kwa ruhusa yake, na tarehe 18 akanisindikiza mpaka kituoni akiwa amenibebea begi. Nilipomwomba radhi kwa mara nyingine akasema, "Yameisha kaka." Lakini mdogo wake yuko Korogwe mpaka leo, anaendesha pikipiki ya mtu na kupeleka hesabu kila jioni. Kwake yeye hayajaisha, na wala hajui yalipoanzia.

Sasa nayarudia yale majibu yangu mazuri, nione kama yanasimama.

Je, "siku mbili tatu" ni adabu au ni uongo? Nimepata kipimo kimoja, nakuachia ukipime nawe. Maneno yasiyo na hesabu ni adabu pale ambapo wote wawili tunajua kwamba hayana hesabu. Ukiniambia "nakuja sasa hivi" nami nikaendelea kupika bila kukutazamia, hujanidanganya, tumeelewana. Lakini mwenzangu hakusikia adabu. Alihesabu. Alihesabu siku tatu, akampigia mdogo wake, akampanga fundi mkubwa, akayajenga maisha ya watu juu ya tarehe 4 ambayo niliijua kuwa ya mchanga. Mmoja akiwa na hesabu mfukoni na mwingine akabahatisha, hiyo si lugha ya kistaarabu tena. Ni karata, na mmoja ameziona za mwenzake.

Na shida je? Mwenye shida hana ruhusa? Hili ni gumu, sitalipita kwa haraka, maana shida yangu ilikuwa ya kweli na mvua ya Aprili ni ya kweli. Lakini nitazame nilichokifanya. Ukarimu wa rafiki yangu ulikuwa wa siku tatu. Hizo alinipa. Zile 14 hakunipa, nilizichukua. Kwamba angenipa kama ningeomba hakunisafishi, bali kunanichafua zaidi, kwa sababu maana yake ni kwamba nilimwibia mtu kitu alichokuwa tayari kunipa. Na kwa kumwibia nilimnyang'anya kitu kikubwa kuliko nusu ya godoro. Nilimnyang'anya nafasi ya kupanga. Angejua ni 17, angeweza kusema tubanane watatu. Au kaa wiki moja, kisha nitakupeleka kwa binamu yangu. Au kaka, safari hii siwezi, mdogo wangu anakuja. Hata hilo la mwisho lingekuwa haki yake. Mimi nililiogopa hilo la mwisho, nikamfungia na yale mawili.

Katika zile siku za maktaba nilisoma habari za mwanafalsafa mmoja Mjerumani, Immanuel Kant, mtu ambaye inasemekana hakusafiri mbali na mji wake maisha yake yote. Mwaka 1795 aliandika juu ya amani ya kudumu baina ya mataifa, na humo akagusa haki ya mgeni. Anasema mgeni anayefika katika ardhi ya wengine ana haki ya kutotendewa kama adui. Lakini haki ya kukaa nyumbani kwa mtu ni jambo jingine. Hiyo inahitaji mapatano. Nilipoisoma mara ya kwanza nikaona Mzungu ana roho ya baridi, mapatano ya nini kati ya ndugu? Baada ya tarehe 11 nikaielewa. Mapatano bila idadi ni nini? Hata mama wa Manzese, hata mzee wa Mabibo, walinifanyia heshima hiyo: kila mmoja aliniambia tarehe.

Wala tusidhani haya ni ya Wazungu. Katika hadithi za Mtume zilizopokelewa na Bukhari na Muslim, ukarimu kwa mgeni umehesabiwa siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka. Lakini kuna upande wa pili ambao hatuutaji sana: kwamba mgeni naye haruhusiwi kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Hapa mgeni naye ana wajibu, si mwenyeji tu. Na pwani kuna shairi la zamani linalomhesabia mgeni siku moja moja, la kwanza ni mchele, la mwisho ni mateke. Nilipokuwa mdogo nililiona la kikatili. Sasa nadhani mtunzi alikuwa anatutania ili tuone jambo moja: ugeni unahesabika. Rudi sasa kwenye methali yetu. Tumeangalia jembe tu, tukasahau kwamba nusu ya methali ni tarakimu. Mbili. Ya tatu. Mimi jembe nilishika sana, lakini jembe halilipi deni la tarehe.

Kuna rafiki niliyemsomea haya akanibishia. Akasema: "Mbona unajilaumu peke yako? Na yeye angeuliza. Angesema, kaka, unaondoka lini?"

Hapa ndipo penye kiini. Katika mila zetu swali hilo haliulizwi. Mwenyeji akikuuliza unaondoka lini amekufukuza, hata kama anataka tu kujua anunue unga kiasi gani. Angemwuliza hivyo mjomba wake, ukoo mzima ungekaa kikao. Neno "karibu" kwetu halina kinyume chake, tukishalitoa limetufunga. Kwa hiyo kati ya watu wawili walio chumbani, ni mmoja tu anayeweza kuitaja tarehe bila kumvunjia mwenzake heshima, naye ni mgeni. Na kitu ambacho ni mimi tu ninayeweza kukitoa, na mwenzangu hawezi kukidai, hicho ndicho deni langu kubwa kuliko yote. Deni linalodaika si kipimo cha utu. Mwenye kudai atakukumbusha. Kipimo ni lile lisilodaika.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, mkataba wako ukiisha kabla ya mwingine kuanza, na karibu wote tutafika hapo, maana mikataba ya mji huu haikukaa kikao kupatana tarehe, fanya hesabu kwanza. Vitu peleka kunakokubalika. Kisha mwendee rafiki yako, useme: naomba mpaka tarehe fulani, ni siku 17, najua ni nyingi. Kama hazimfai zote, gawa. Wiki huku, wiki kule. Utaona aibu. Aibu hiyo ilipe wewe mwanzoni, kuliko kumwachia mdogo wa mtu ailipe mwishoni.

Ningependa kuishia hapo nikiwa mtu aliyejifunza. Lakini nisingekuwa mkweli. Wiki iliyopita kijana mmoja wa kwetu Songea, mwaka wa kwanza chuoni, amekuja kunibishia hodi hapa Mabibo na begi lake. Akaniambia chumba chake kina matatizo kidogo, anaomba ajibanze siku mbili tatu hivi. Nikamwambia karibu, geto ni lako.

Leo ni usiku wa sita. Anachota maji kabla sijaamka. Ninapoandika haya amelala, amegeukia ukutani ili nipate nafasi. Nimeshafungua mdomo mara tatu nimwulize tarehe, nikaishia kumwuliza kama amekula.

Gazeti hili likitoka, nitaliacha wazi mezani, ukurasa huu.